Ungamo lenye neno "kama"

Kitenzi cha Kiyunani kilichotafsiriwa "kuungama" katika 1 Yohana 1:9 ni homologeo, yaani kusema lile lile, kukubaliana na neno la mwingine. Ndicho pia kilichotafsiriwa "kukiri" katika Warumi 10:9, pale tunapomkiri Yesu kwa kinywa. Basi anayeungama hampelekei Mungu habari mpya. Anakubali kuiita dhambi kwa jina ambalo Mungu ameshaiita.

Waraka huu nimeufundisha kwa miaka, lakini jambo hilo lilinikaa siku niliyokwenda kwa mchungaji mwenzangu. Kikaoni walikuwa wamemsema vibaya, nami nikanyamaza. Aliponiuliza baadaye nikamjibu, "Nilikutetea." Tangu hapo nikawa namkwepa. Ibada ikiisha najifanya nakunja joho, nalikunja na kulikunjua, mpaka nisikie ametoka. Hatukuwa tumegombana. Tulisalimiana, tuliombeana hadharani, na hapakuwa na ushirika wowote.

Nilipofika kwake nikaanza, "Ndugu yangu, kama nilikukwaza kwa namna yoyote..."

Akanitazama. "Kama?"

Nikaanza upya. "Nilikudanganya. Kile kikao sikusema neno hata moja. Niliogopa."

"Kama" lile lilikuwa mlango wa kutorokea: limwachie yeye kuthibitisha kwamba ameumia, nami nibaki sijasema nilichofanya. Daudi alipokabiliwa na nabii Nathani alisema kwa ufupi tu, "Nimemfanyia BWANA dhambi" (2 Samweli 12:13). Hakutanguliza maelezo ya jinsi alivyochoka siku ile.

Sasa soma 1 Yohana 1:6 na 7 polepole. Aya ya 6 inasema tukidai kushirikiana na Mungu huku tukienenda gizani, twasema uongo. Ungetarajia aya ya 7 imalizie kwamba tukienenda nuruni, twashirikiana na Mungu. Yohana anasema "twashirikiana sisi kwa sisi". Ukificha dhambi, ufa unaonekana kwanza kati yako na ndugu yako, hata kabla hujaona maombi yako yamekuwa makavu. Neno la Kiyunani analotumia Yohana kwa ushirika huo ni koinonia, na jamaa yake wa karibu ndilo Luka anatumia kuwaita Yakobo na Yohana "washirika" wa Simoni katika uvuvi (Luka 5:10). Ni watu wa kazi moja na hasara moja. Kuimba pamoja tu hakufikii hapo.

Kuna neno lingine ambalo wengi hulipita haraka. Aya ya 9 inasema Mungu husamehe kwa kuwa ni "mwaminifu na wa haki". Wa haki! Mimi ningeandika "mwenye huruma". Lakini damu ya Yesu imekwisha kutajwa katika aya ya 7. Deni limelipwa, na Mungu hadai mara mbili. Kwa hiyo aliyeungama hahitaji kungoja Mungu apoe hasira.

Binadamu mwenzako, huyo anaweza kuhitaji muda. Mwenzangu aliniambia, "Nimekusamehe. Kukuamini, nipe nafasi," na nadhani alisema kweli kuliko angenikumbatia palepale. Tena upana wa ungamo ufuate upana wa kosa: la wawili liishie kwa wawili. Na aliyetendewa ukatili asilazimishwe kurudi karibu na aliyemtenda kwa jina la msamaha, wala dhambi ambayo pia ni jinai isifichwe kanisani.

Didake, mwongozo wa Wakristo wa kale sana, katika sura ya 14 unawataka waungame dhambi kabla ya kuumega mkate, na mwenye ugomvi na mwenzake asijiunge nao mpaka wapatane. Kwa sababu hiyo siku hizi natangaza Meza ya Bwana majuma mawili kabla. Jumapili yenyewe asubuhi muda hautoshi. Mtu anahitaji siku kadhaa za kwenda, kukuta mlango umefungwa, na kurudi tena kesho yake.