Mwenye Hati, Mwenye Ufunguo na Mwenye Ngazi: Dhana Potofu Kuhusu Nyumba za Ibada za Kale za Ulaya

Kila baada ya miezi michache picha ile hurudi kwenye makundi ya WhatsApp: kanisa la mawe la karne ya 13, nguzo ndefu, michoro iliyofifia darini, na katikati yake rafu zimejaa vitabu vya kuuza. Chini yake mtu ameandika, "Ulaya wamemfukuza Mungu, wameweka duka." Picha ni ya kweli. Ni kanisa la watawa Wadominika la Maastricht, Uholanzi, na duka la vitabu lilifunguliwa humo mwaka 2006. Kasoro imo kwenye maelezo. Ibada ilikoma pale baada ya majeshi ya Ufaransa kuuteka mji huo mwaka 1794. Tangu hapo jengo limewahi kuwa ghala, limewahi kuwa ukumbi, na mwishowe likawa maegesho ya baiskeli. Zilizofukuzwa na vitabu ni baiskeli.

Makosa mengi ya namna hii yana mzizi mmoja: tunadhani nyumba ya ibada ina mwenyewe mmoja. Ulaya mwenye hati anaweza kuwa mtu huyu, mwenye ufunguo yule, na anayepanda ngazi kuzibua gata akawa mwingine kabisa.

"Majengo ni ya Kanisa, na Kanisa ni tajiri, basi liyatengeneze lenyewe"

Maneno haya yalisikika sana Aprili 2019, paa la Notre-Dame ya Paris lilipoteketea na michango ikaanza kumiminika. Watu waliuliza kwa nini Vatikani isilipe. Vatikani haina hati ya Notre-Dame. Mwenye jengo ni Serikali ya Ufaransa.

Habari yenyewe ni ndefu kidogo. Novemba 1789, katika vuguvugu la mapinduzi, mali za Kanisa ziliwekwa mikononi mwa taifa. Kisha ikaja sheria ya tarehe 9 Desemba 1905 iliyotenganisha dini na dola. Sheria ile ilitaka viundwe vyama vya waumini vya kuyapokea makanisa, Papa Pius wa Kumi akavikataa, na matokeo yake makanisa ya parokia yakabaki kwa halmashauri, makanisa makuu mengi kwa Serikali. Alsace na Moselle, zilizokuwa chini ya Ujerumani wakati ule, zina utaratibu wao. Kwingineko, kanisa la kijiji lililojengwa kabla ya 1905 kwa kawaida ni la halmashauri, ila padri na waumini wake wanalitumia kwa ibada bila kulipa pango, na halmashauri haiwezi kuamka asubuhi moja ikawatoa. Msomaji wa Pwani ataelewa haraka akifikiria kitu kinachokaribiana na wakfu: hati unayo, lakini matumizi yamefungwa.

Ndiyo maana Ufaransa utamkuta meya asiyeingia kanisani hata Krismasi akikosa usingizi kwa sababu ya paa la kanisa. Likianguka, kesi ni yake.

Sheria hiyohiyo ya 1905 inakataza kutoza watu kiingilio cha kutazama majengo hayo. Oktoba 2024 Waziri wa Utamaduni, Rachida Dati, alipendekeza watalii walipe euro 5 kuingia Notre-Dame ili fedha zikatengeneze makanisa mengine yaliyochakaa. Kanisa likajibu kwamba mlango utabaki wazi bure. Vuka mlango wa bahari uingie London, mambo yanageuka: Westminster Abbey inatoza, kwa kuwa haipati ruzuku ya kudumu ya Serikali wala ya Kanisa la Uingereza.

Kila nchi ina njia yake. Italia, makanisa zaidi ya 800, Santa Croce ya Florence likiwamo, yako chini ya mfuko maalumu ulio ndani ya Wizara ya Mambo ya Ndani, wizara ileile ya polisi. Sweden ilitengana na kanisa lake la kitaifa mwaka 2000, lakini Serikali bado hulilipa kila mwaka kwa ajili ya utunzaji wa majengo ya kale, na kanisa lililojengwa kabla ya 1940 haliguswi bila kibali. Ujerumani, Waswahili walioko huko wanaijua vizuri: ukijiandikisha manispaa unaulizwa dini, ukijibu Mkatoliki au Mlutheri, kodi ya kanisa inaonekana kwenye hati yako ya mshahara, asilimia 8 au 9 ya kodi ya mapato kutegemea jimbo. Wengi hushtuka mwezi wa kwanza. Na kodi hiyo haiendi kwenye mawe tu; sehemu kubwa hulipa watu na huduma.

Uingereza ndiko kwenye kazi ngumu kuliko zote, kwa maoni yangu. Kanisa la Uingereza lina makanisa yapatayo 16,000, mengi yakiwa kwenye orodha ya majengo yanayolindwa kisheria, na mzigo wa kila siku unamwangukia mwanaparokia. Kijiji cha watu mia mbili kinaweza kuwa na kanisa la miaka 800 na kamati ya wazee sita wanaouza keki ili kununua mabati ya risasi yaliyoibwa juu ya paa. Sitanii kuhusu wizi huo. Madini ya risasi yana bei, na wezi hupanda usiku. Ongeza popo. Sheria ya huko inawalinda popo, kwa hiyo wakiweka makazi darini na kuchafua madhabahu ya kale, kamati haiwezi kuwafukuza hivihivi.

"Adui mkubwa ni moto"

Moto unapigwa picha, ndiyo tofauti yake. Kinachoua majengo mengi zaidi ni maji, na maji huanza na jani moja lililoziba gata. Gata ikifurika, ukuta unalowa; ukuta ukilowa, ncha ya mhimili iliyoingia ukutani inaoza; mhimili ukioza, kenchi inakaa vibaya, na miaka thelathini baadaye mtu anasimama mbele ya kamera akisema paa limeanguka ghafla. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Waholanzi waliifanya methali hii kuwa ajira. Mwaka 1973 ilianzishwa huko huduma iitwayo Monumentenwacht. Mwenye jengo la kale hulipa ada, wakaguzi huja na gari lenye ngazi, kamba na vifaa, hupanda mpaka juu kabisa, huzibua, hurudishia kigae kilichochomoka, kisha huacha ripoti inayosema kipi kifanywe mwaka huu na kipi kinaweza kusubiri. Flanders, Ubelgiji, iliiga mwaka 1991. Hakuna anayechangia mamilioni kwa ajili ya gata, na ndiyo sababu wazo hili linanivutia kuliko harambee yoyote.

Hata Notre-Dame iliungua ikiwa katikati ya ukarabati. Majukwaa ya mafundi yalikuwa yameuzunguka mnara wa ncha, na sanamu 16 za shaba zilizokuwa chini ya mnara ziliteremshwa siku nne tu kabla ya moto ili zikasafishwe. Zimepona kwa bahati hiyo.

"Kukarabati ni kulirudisha jengo lilivyokuwa"

Lilivyokuwa lini? Mnara wa Notre-Dame ulioanguka mbele ya macho ya dunia ulikuwa wa karne ya 19, kazi ya msanifu Viollet-le-Duc. Ule wa Zama za Kati ulikuwa umekwisha kubomolewa mwishoni mwa karne ya 18. Mwaka 2020 ilipoamuliwa mnara ujengwe "kama ulivyokuwa", maana yake ilikuwa kama Viollet-le-Duc alivyouwazia. Miti ya mialoni ipatayo 2,000 ilikatwa, maseremala wakachonga sehemu ya mihimili kwa shoka, na kanisa likafunguliwa tena tarehe 7 Desemba 2024. Waliochangia walikuwa takriban watu 340,000 kutoka nchi zipatazo 150, jumla ya euro milioni 846. Sina ugomvi na uamuzi ule. Ninachosema ni kwamba kuna mtu alichagua tarehe.

Uingereza ugomvi huu ni wa zamani. Mwaka 1877 William Morris na wenzake waliunda chama cha kuwapinga mafundi waliokuwa wakikwangua makanisa ya kale ili yaonekane mapya ya kizamani. Ushauri wao ulikuwa wa kuchosha: tunza kila siku, rekebisha kidogo, usijifanye wewe ndiye mjenzi wa kwanza.

Hapohapo kuna dhana ya fundi, nayo imevuka bahari: kwamba ukuta wa kale ukiupiga lipu ya saruji unaupa nguvu. Saruji huzuia unyevu kutoka, jiwe laini likaanza kumomonyoka nyuma ya lipu nzuri. Chokaa hupumua. Mafundi wa Mji Mkongwe, Zanzibar, na wa Lamu wanaijua hadithi hii kwenye kuta za mawe ya matumbawe.

"Urithi wa dini wa Ulaya ni Ukristo tu"

Tarehe 7 Mei ni siku ya misikiti nchini Bosnia, na tarehe hiyo haikuchaguliwa kwa sababu ya furaha. Usiku wa kuamkia 7 Mei 1993, vita ikiendelea, msikiti wa Ferhadija wa Banja Luka, uliojengwa mwaka 1579, ulilipuliwa. Hakuna msikiti hata mmoja wa mji ule uliosalia mzima. Kifusi kilibebwa kikatupwa, na kiwanja kikabaki kitupu. Mwaka 2001, siku ya kuweka jiwe la msingi la kuujenga upya, ghasia zilizuka na mtu mmoja akapoteza maisha. Wataalamu hawakuacha: walitafuta mawe ya asili jalalani, wakayatambua moja moja, wakayarudisha ukutani mahali pake pamoja na mapya. Ferhadija ilifunguliwa tena 7 Mei 2016. Na ili picha isiwe ya upande mmoja, Machi 2004 kule Kosovo ilikuwa zamu ya makanisa ya Waserbia kuchomwa, likiwamo la Bikira Maria wa Ljeviš huko Prizren, lenye michoro ya karne ya 14.

Mashariki mwa Poland, kijiji cha Kruszyniany kina msikiti wa mbao wenye minara miwili midogo. Ukiuona kwa mbali utadhani kanisa la kijijini. Ni wa Watatari Waislamu waliopewa ardhi na Mfalme Jan Sobieski mwaka 1679 kwa sababu ya utumishi wao jeshini. Woking, Uingereza, msikiti wa Shah Jahan ulijengwa mwaka 1889, na mwaka 2018 ulipandishwa hadi daraja la juu kabisa la majengo yanayolindwa, daraja moja na makanisa makuu.

Masinagogi yana msiba wa aina nyingine: jengo limebaki, watu wameuawa. Kwingine vyote viwili vimekwenda. Sinagogi la mbao la Gwoździec, ambalo leo mahali pake ni Ukraine, liliangamizwa, lakini kulikuwa na michoro na picha zilizochukuliwa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Kwa hizo, mamia ya watu wa kujitolea walijenga upya paa na dari lake lililochorwa wanyama na maua, kwa ukubwa wa asilimia 85 ya lile la asili, na sasa limo ndani ya POLIN, jumba la makumbusho ya historia ya Wayahudi wa Poland, Warszawa. Mwenye ufunguo wa asili hayupo tena wa kuulizwa.

"Kubadili matumizi ni unajisi wa kisasa"

Unajisi au la, hilo kila mtu na dini yake. Ila si jambo la kisasa. Pantheon ya Roma imesimama karibu miaka 1,900 kwa sehemu kubwa kwa sababu mwaka 609 hekalu lile la miungu liligeuzwa kanisa. Msikiti Mkuu wa Córdoba ulianza kujengwa katika karne ya 8, ukawa kanisa kuu mwaka 1236. Nguzo zake na mihrabu vingali pale. Ninayempenda zaidi ni jengo la Brick Lane, London: kanisa la Waprotestanti wakimbizi wa Kifaransa mwaka 1743, baadaye la Wamethodisti, sinagogi mwaka 1898, msikiti tangu 1976. Kila kundi lilikabidhi ufunguo kwa linalofuata. Ukutani kuna saa ya jua ya 1743 yenye maneno ya Kilatini yasemayo sisi ni kivuli, na hakuna aliyeyafuta.

Kibaya zaidi ya duka ni tingatinga. Januari 2018 kanisa la Immerath, Ujerumani, lenye minara miwili, lilibomolewa kupisha mgodi wa makaa ya mawe.

"Urithi ni mawe"

Hili nalipitia haraka. Kule Echternach, Luxembourg, kila Jumanne baada ya Pentekoste watu huandamana wakirukaruka kwa muziki kuelekea kaburi la Mtakatifu Willibrord, na tangu 2010 maandamano hayo yamo kwenye orodha ya UNESCO. Njia ya mahujaji ya kwenda Santiago de Compostela ilikuwa ya kwanza kutangazwa na Baraza la Ulaya kuwa njia ya kitamaduni, mwaka 1987. Mwaka 2024 waliopewa cheti cha kufika walikaribia 500,000, wengine wakisema wazi hawakuja kwa ajili ya dini. Miguu yao imefufua vijiji ambavyo bila hao vingebaki na mbuzi.

"Hayo ni yao, hayatuhusu"

Ndani ya Westminster Abbey, katikati ya kanisa, kuna jiwe jeusi sakafuni juu ya kaburi la David Livingstone, aliyezikwa pale tarehe 18 Aprili 1874. Alikufa mwaka uliotangulia kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo. Watumishi wake Susi, Chuma na wenzao waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaubeba kwa miguu kwa miezi mingi mpaka Bagamoyo. Maandishi ya jiwe yanaanza kwa kusema kwamba aliletwa na mikono ya waaminifu, nchi kavu na baharini. Majina ya wenye mikono hiyo hayakuandikwa.