Je, wajua kwa nini mzee mwenye demensia (ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu) husema "siumwi" hata akiwa na maumivu?

Muulize bibi mwenye demensia, "Bibi, unaumwa wapi?" na huenda akakujibu, "Siumwi." Muda mfupi baadaye mhudumu anamgeuza kitandani amvalishe gauni, na bibi huyo huyo anakunja uso, anang'ang'ania shuka, kisha anampiga mhudumu kofi. Kwenye daftari la zamu inaandikwa: "Leo mkali."

Mara nyingi huo si ukali. Ni nyonga inayouma.

Demensia humpokonya mtu maneno na kumbukumbu, lakini maumivu haimwondolei. Akiulizwa ametulia, hakumbuki kwamba asubuhi goti lilimchoma. Na ukimwambia ayapimie maumivu namba kuanzia sifuri hadi kumi, swali lenyewe linampita. Kwa hiyo kwenye nyumba za kulea wazee wahudumu hufundishwa kusoma mwili. Kipimo cha maumivu kiitwacho PAINAD, kilichochapishwa Marekani mwaka 2003, hutazama mambo matano: anavyopumua, sauti anazotoa, uso wake, mwili wake, na kama akibembelezwa anatulia. Kila moja lina alama 0 hadi 2.

Kwangu mimi, kikubwa kuliko alama ni wakati wa kupima. Mzee aliyekaa kimya kitini anaweza kupata sifuri safi, kumbe akisimama tu anaungua. Wanorwe wana kipimo kiitwacho MOBID-2, ambamo mhudumu humfungua mzee viganja, humnyoosha mikono, humkunja magoti, humgeuza taratibu ubavu huu na huu, macho yake yasibanduke usoni pa mzee.

Huko huko Norwe, utafiti wa mwaka 2011 uliwafuatilia wazee 352 wenye demensia na fadhaa, yaani kuhangaika na hata kupiga watu, katika nyumba 18 za kulea wazee. Kundi moja lilitibiwa maumivu kwa utaratibu kwa wiki nane, wengi wao kwa parasetamoli tu. Fadhaa yao ilipungua kwa asilimia 17 kuliko ya wenzao waliobaki na matunzo ya kawaida. Parasetamoli! Na bado kuna wazee wanaopewa dawa za kuwapoza akili, wakashinda wanasinzia na nyonga inauma vile vile.

Ukienda kumjulia hali mzazi wako, waeleze wahudumu alivyokuwa zamani akiumwa: wa kulalamika, au wa kunyamaza na kusaga meno. Wao hawakumjua alipokuwa na maneno yake.