Kunyamaza si kugeuka bubu

Kumi la mwisho la Ramadhani iliyopita, kijana mmoja aliyekaa nasi itikafu, yaani kujifungia msikitini kwa ibada, hapa mjini Unguja alinigusa bega, akanionesha birika, akanyoosha vidole viwili, akatikisa kichwa, akaonesha birika tena. Sikumfahamu. Mwisho akaniandikia kwenye simu: "Sukari vijiko viwili maalim. Nimefunga kusema."

Si wa kwanza. Kila mwaka hapakosi mmoja, na kila mwaka naeleza yale yale. Safari hii nayaandika.

Fikihi yake, yaani hukumu ya sheria, ni fupi. Bi Maryamu aliweka nadhiri ya kutosema na mtu (Qur'ani 19:26), na Nabii Zakaria alipewa alama ya kutosema na watu siku tatu ila kwa ishara (3:41). Ishara za vidole nadhani huku ndiko zinakotolewa. Lakini hayo ni yao. Katika umma huu, Abu Israil aliweka nadhiri asimame juani, asikae, asiingie kivulini, asiseme, na afunge. Mtume (s.a.w.) akaamrisha aseme, akae, aingie kivulini, na saumu yake aitimize. Imo katika hadithi za Bukhari. Na kwetu Mashafi, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafi, kunyamaza kutwa mpaka usiku kwa kudhani ni ibada ni makuruhu, jambo linalochukiza ingawa si haramu. Basi.

Linaloniudhi ni jengine. Yule kijana hakunyamaza hata kidogo. Vidole vinasema, macho yanasema, simu inasema, na moyoni anajisemea: hawa wanapiga soga, mimi nimo katika ibada. Hicho ni kimya gani? Ulimi una mfupa gani hata tuhisabu kuufunga ndio kazi? Kazi ni lile jibu la ndani. Mtu kakwambia neno la kukuchoma, wewe kimya, lakini kabla hajafika mlangoni umeshamjibu moyoni mara kumi, na kila mara umemshinda. Hapo umesema kuliko yeye.

Mafunzo yake tunayo kila Ijumaa na hatuyajali. Imamu akiwa anahutubu, ukimwambia mwenzako "nyamaza", wewe ndiye uliyefanya upuuzi. Hata neno la kumnyamazisha mtu linahisabiwa. Hebu Ijumaa hii kaa na hamu ile ya kumkemea anayenong'ona nyuma yako. Usimgeukie. Iangalie hamu inavyopanda kifuani, inavyokaza taya, kisha inavyoshuka yenyewe. Hiyo ndiyo darsa, na haitaki siku kumi.

Wala kimya si adui wa sauti. Sheikh Uways wa Barawa, aliyeieneza tarika ya Qadiria Unguja zama za Sayyid Barghash, wafuasi wake wanajulikana kwa zikiri, kumtaja Mungu, ya sauti ya kifua, watu wamesimama safu. Nimesimama katika safu hizo nikapata utulivu ambao sikuupata peke yangu msikitini saa tisa za usiku. Na aya ya kumkumbuka Mola katika nafsi, kwa unyenyekevu na bila ya kupaza sauti (7:205), naisoma vile vile kila siku. Sioni zikigombana.

Sasa lile tusilowaambia wanafunzi. Tunawaahidi kuwa ukinyamaza moyo unatulia. Mimi siku tatu za mwanzo moyo unachafuka: madeni, ugomvi na ndugu yangu juu ya mikarafuu ya marehemu mzee, maneno niliyomwambia mke wangu miaka mingi nyuma. Siku ya nne hutulia, na mara nyengine nikijichunguza kwa haki naona ule haukuwa utulivu, ulikuwa usingizi.

Usiku wa ishirini na nane yule kijana alikuja kukaa ubavuni mwangu, akasema kwa mdomo wake. "Maalim, nikitulia namsikia baba ananigombeza. Na keshakufa. Nimjibu?"

Nikamwambia asimjibu, amsikilize mpaka amalize. Alirudi kwenye busati lake akajifunika shuka mpaka kichwani. Hadi leo najiuliza kama nilimwambia sawa.