Golabgiri: kukeneka marashi kule Kashan

Kwenye maulidi Lamu au Unguja, hukosi mtu anayepita na mrashi mkononi, akiwanyunyizia wageni marashi. Maji hayo ya waridi Waajemi huyaita golab: gol ni ua, ab ni maji. Golabgiri, basi, ni kazi ya kuyapata.

Kashan ni mji wa Iran, kusini mwa Tehran, ukingoni mwa jangwa. Wengi wanaujua kwa mazulia na vigae. Hata neno la Kiajemi la kigae, kashi, limetokana na jina lake. Lakini ikifika Mei, wageni wakishaiona Bustani ya Fin hupanda milimani hadi mji mdogo wa Qamsar, kufuata harufu ya waridi.

Waridi lenyewe linaitwa gol-e Mohammadi, yaani ua la Muhammad. Huchumwa alfajiri, kwa sababu jua likishakaza, mafuta yenye harufu hupotea hewani. Maua hayalazwi. Humiminwa pamoja na maji kwenye sufuria kubwa la shaba, kifuniko kikazibwa barabara, moto ukawashwa chini. Mvuke hauna pa kutokea ila bombani, nalo bomba linaishia kwenye chombo kingine cha shaba, chenye shingo nyembamba, kilichozamishwa kwenye maji baridi. Humo mvuke hupoa ukawa maji tena, safari hii yakinukia. Juu yake huelea utando mwembamba wa mafuta. Hayo ndiyo halwaridi, na bei yake si mchezo: maua mengi sana hutoa mafuta kiduchu.

Anayetaka marashi makali huomba do-atesheh, “ya mioto miwili”. Marashi yaliyokwisha kukenekwa hurudishwa sufuriani na maua mapya, yakakenekwa upya.

Leo Qamsar ndiyo inayotajwa kwanza, lakini zamani sifa ilikuwa ya mji wa Gur, mkoani Fars. Katika karne ya 10 wanajiografia wa Kiislamu waliandika kwamba marashi ya huko yalisafirishwa nchi za mbali.

Matumizi nayo yanatofautiana kidogo. Sisi wa pwani tunayajua zaidi ya kunyunyiza, arusini na mazikoni. Wairani nao huyanyunyiza makaburini, ila huyatia na chunguni: sholezard, wali laini wa sukari na zafarani, bila golab haujakamilika.