Mnyama akikufia mkononi

Vijana wanaoanza kazi ya udaktari wa mifugo huniuliza watavizoeaje vifo. Mimi nawaambia wasivizoee. Aliyezoea hashiki tena tezi za mnyama kwa makini, na mwenye ng'ombe humtambua mara moja.

Chukua ndigana kali, ugonjwa wa kupe unaotutesa huku Rungwe, mkoani Mbeya. Ukiitwa mapema, tezi ya chini ya sikio imevimba na joto limepita nyuzi 40 lakini ng'ombe bado anakula, sindano ya buparvakwoni huwaokoa wengi. Ukiitwa siku zimeshapita, unamkuta kasimama shingo imenyooka mbele, anahema kwa shida, povu linamtoka puani, majani ya mabingobingo ya jana hayajaguswa. Dawa ni ileile na bei ni ileile, ila nafasi ya kupona imebaki ndogo sana. Na pengine ndiye ng'ombe pekee wa nyumba ile. Maziwa yake ndiyo ada, ndiyo sabuni, ndiyo chumvi.

Hapo ndipo tunapoumia, na hapohapo ndipo pa kujikinga. Kabla sijavuta dawa kwenye bomba husema: "Mama, mapafu yameshaingiliwa. Naweza kumchoma sindano, lakini huenda tukampoteza hata hivyo, na dawa ni ghali. Unaonaje?" Kisha nanyamaza, aamue yeye. Akifa, mama analia, nami naumia, lakini hakuna aliyemdanganya mwenzake. Usiku nalala.

Homa ya nguruwe ya Afrika ni nzito zaidi. Haina tiba. Unachoweza ni kuzuia nguruwe na nyama visitoke, huku mwenye banda akikutazama kama wewe ndiye uliyeuleta ugonjwa. Hasira ile ni msiba, usibishane nayo. Mpe pole, rudia masharti kwa sauti ya chini, subiri. Siku hiyo hupaswi kwenda kwenye nguruwe wengine, usije ukabeba virusi kwenye buti. Basi wanaokupigia simu waelekeze kwa mwenzako, hata wa kata nyingine, umsimulie yote uliyoyaona. Wengi wetu tuko peke yetu kata nzima, na kwa ninavyoona upweke huo unatumaliza kuliko vifo vyenyewe.

Usingizi ukipotea wiki kadhaa, au pombe ikawa ndiyo dawa ya usingizi, nenda hospitali ukamwone mtaalamu wa afya ya akili. Ukiona aibu, mwombe mwenzako huyohuyo akusindikize.