Kinachopimwa kwenye fueli ya nyuklia iliyotumika si urani iliyobaki
Kila ninapofundisha hapa Dodoma namna ya kupima kiwango cha kuungua kwa fueli ya nyuklia, yaani ni kiasi gani cha fueli kimepasuliwa kinuni (ndani ya mtambo wa nyuklia), kwa spektrometa ya gama, chombo kinachopanga miale ya gama kwa nguvu zake na kuonyesha kila nguvu kama kilele, swali ni lilelile: kilele cha urani-235 kiko wapi, ili tukitoe kwenye kiasi cha mwanzo tupate kilichoungua? Naomba dhana hiyo iachwe kabisa.

Urani-235 hutoa mwale wa kiloelektronivolti 186, lakini nusu maisha yake, yaani muda wa nusu ya atomi zake kuoza, ni miaka milioni 704, kwa hiyo miale yake ni michache mno ikilinganishwa na ile ya mazao ya mpasuko (atomi zinazobaki kiini kinapopasuka) yaliyojaa ndani ya fueli iliyotoka kinuni. Isitoshe, kwa wastani mwale huo humezwa na fueli yenyewe kabla haujapita milimita moja, na kidogo kinachotoka hufunikwa na mtawanyiko wa miale yenye nguvu zaidi. Tunachopima ni alama za mpasuko. Seziamu-137, yenye mwale wa kiloelektronivolti 662, huzalishwa na takriban mipasuko 6 katika kila 100, iwe kilichopasuka ni urani-235 au plutoniamu-239, na nusu maisha yake ya miaka 30 huifanya itunze hesabu vizuri. Seziamu-134 hupatikana pale seziamu-133 inaponasa nyutroni, ndiyo maana uwiano wake kwa seziamu-137 hupanda kadiri fueli inavyoungua. Hata hivyo, uwiano huo sitaupokea kwa mwanafunzi yeyote kabla hajachora mkunjo wa ufanisi wa kigunduzi (unaoonyesha ni sehemu gani ya miale ya kila nguvu hunaswa) kwa vilele vya seziamu-134 yenyewe: 605, 796 na 1365.

Wengine hudhani kwamba fueli yenye miale mingi zaidi ndiyo iliyoungua zaidi. Si lazima, kwani seziamu-134 hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 2 hivi. Pasipo tarehe ya fueli kutoka kinuni, uwiano hausemi lolote.

Kigunduzi cha iodidi ya sodiamu hakichukui nafasi ya kile cha jermaniamu, kwa sababu huchanganya vilele vya 605 na 662.

Nao udongo wenye urani ya asili wa Bahi au Manyoni hauna kiwango cha kuungua, maana urani yake haijapata kuingia kinuni. Kilele cha 609 kinachoonekana humo ni cha bismuthi-214, mzao wa urani-238, na kisisomwe kuwa seziamu-134.