Taka za seli za ubongo haziondolewi kwa dawa ya chupa

Tangu kampeni ya Septemba, mwezi ambao dunia hutenga kwa ajili ya ugonjwa wa Alzheimer, ule unaopoteza kumbukumbu, idara yetu imezidi kupokea malalamiko ya familia za hapa Nairobi zilizonunulia wazee wao dawa za "kusafisha ubongo". Wauzaji wa dawa hizo hutumia maneno ya kisayansi ambayo yenyewe ni ya kweli, kisha wakayabandika kwenye bidhaa isiyohusiana nayo kwa lolote. Hatudhani kwamba familia hizo zilikuwa na nia nyingine isipokuwa kumsaidia mzee, na ndiyo maana tunaanza na kile kilicho kweli.

Protini ndani ya seli huchakaa, na nyingine hukunjika vibaya tangu zinapotengenezwa. Hizo ndizo taka, na seli huziondoa kwa njia kuu mbili. Protini mojamoja hutiwa alama ya yubikwitini na kupelekwa kwenye proteasomu, ambako hukatwakatwa. Ugunduzi wa namna alama hiyo inavyoongoza uondoaji wa protini ndio uliowapatia Aaron Ciechanover, Avram Hershko na Irwin Rose Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2004. Mizigo mikubwa zaidi, kama vile mafungu ya protini zilizogandamana au mitokondria (vinu vya nishati vya seli) mbovu, huzungushiwa utando na kufikishwa kwenye lisosomu, ambavyo ni vifuko vyenye asidi na vimeng'enya vya kusaga karibu kila kitu. Njia hii ya pili huitwa otofajia.

Seli ya ngozi ikizidiwa na taka, hugawanyika na kupunguza mzigo, au hufa na nafasi yake kuchukuliwa na nyingine. Seli ya neva haina njia hiyo, kwa sababu haigawanyiki, na nyingi tulizo nazo uzeeni ndizo tulizozaliwa nazo. Isitoshe, baadhi yake zina mikia inayokaribia urefu wa mita moja, na taka zinazozalishwa kwenye ncha ya mkia hulazimika kusafirishwa hadi karibu na kiini, ambako ndiko kwenye lisosomu nyingi zilizokomaa. Mwaka 2006, watafiti nchini Japani waliondoa jeni za otofajia ziitwazo Atg5 na Atg7 katika seli za neva za panya, bila kuwatia panya hao protini yoyote ya ugonjwa. Taka zilirundikana, seli zikafa, na panya wakashindwa kutembea sawasawa.

Kwa binadamu picha ni tata zaidi. Katika ugonjwa wa Alzheimer, protini iitwayo amiloidi hujikusanya nje ya seli, na nyingine iitwayo tau ndani yake. Katika Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka na mwili kuwa mzito, kinachorundikana ni protini ya alfa-sinukleini. Jeni za PINK1 na Parkin, ambazo zikiharibika huweza kuleta Parkinson ya mapema, kazi yake ni kutambulisha mitokondria zinazopaswa kuondolewa. Jeni ya GBA1 hutengeneza kimeng'enya cha lisosomu, na mwaka 2023 watafiti walioshirikiana na wenzao wa Nigeria walitangaza kibadiliko cha jeni hiyo kinachoongeza hatari ya Parkinson kwa watu wenye asili ya Afrika. Kuwa nacho si sawa na kuwa mgonjwa. Vilevile, haifai kusema kwamba taka ndizo chanzo pekee, kwani protini zikisharundikana nazo huzidi kuilemea mitambo ile ile iliyopaswa kuziondoa, na ni vigumu kusema kipi kilitangulia.

Sasa kuhusu tunayoulizwa kila siku. Ubongo si sufuria. Juisi ya bitiruti, unga wa mlonge na chai ya mitishamba haviingii ndani ya seli kusugua chochote, na tumekwisha kulieleza hili mara nyingi kuliko inavyostahili. Wapo pia wanaodai kwamba kufunga kula huamsha otofajia na hivyo kunatibu usahaulifu, kwa sababu mwanasayansi wa Japani Yoshinori Ohsumi alipewa Nobel ya mwaka 2016 kwa utafiti wa otofajia. Ohsumi alichunguza hamira, si wazee wenye usahaulifu. Anayefunga kwa imani yake hatumzuii, ila mzee mwenye kisukari aliyenyimwa chakula ili "ubongo ujisafishe" anaweza kuishia hospitalini kwa kushuka kwa sukari. Mpaka sasa hakuna dawa iliyothibitishwa kurekebisha otofajia kwa wagonjwa wa Alzheimer au Parkinson.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu manufaa ya bidhaa, na anayepatikana na hatia huweza kufungwa kwa muda usiozidi miaka 5, au kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 10, au vyote viwili. Bidhaa yoyote inayouzwa kama dawa ni lazima iwe imesajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu. Leseni ya biashara iliyotundikwa dukani si usajili wa dawa, na namba iliyochapishwa kwenye lebo haithibitishi kitu mpaka ilinganishwe na orodha ya Bodi. Malalamiko yaandikwe yakiwa na jina la bidhaa, namba ya toleo, tarehe na mahali iliponunuliwa, pamoja na risiti au ujumbe wa malipo ya simu. Ujumbe huo usifutwe.

Mgonjwa anayetumia levodopa, dawa ya Parkinson, asiachishwe ghafla kwa ushauri wa muuzaji, kwani kufanya hivyo huweza kuleta homa kali na mwili kukakamaa kiasi cha kuhatarisha maisha. Anayeletwa kliniki aje na barua ya rufaa, kitambulisho, uthibitisho wa usajili wa Mamlaka ya Afya ya Jamii, na dawa zote anazotumia zikiwa katika pakiti zake, pamoja na ile ya chupa ambayo familia huona haya kuitaja. Hata ikiwa imekwisha, chupa iletwe, kwa sababu daktari anahitaji kusoma lebo kabla ya kuandika dawa nyingine.